Kuzuia Makosa ya Watu katika Vinu vya Kuchambua Pamba

(Mazungumzo yaliyotolewa Bunda mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi vya wakulima wa pamba, kabla ya kufunguliwa kwa msimu wa ununuzi)



Kila mwaka pamba inapopasuka mashambani, kuanzia Kibara hadi Hunyari na kutoka Guta hadi Nyamuswa, mazungumzo ya wanachama huwa ni yale yale: bei ya kilo, uhalali wa mizani, upungufu wa magunia, magari ya kusombea na siku ya malipo. Hayo yote ni mambo ya haki na hayana budi kuzungumzwa. Lakini liko jambo moja ambalo mara chache huingia katika ajenda za mikutano ya vyama, nalo ni makosa yanayotendeka ndani ya kinu chenyewe, mahali pamba inapochambuliwa na watu wanapofanya kazi usiku na mchana karibu na mashine zisizo na huruma.

Mwanachama akishapima pamba yake na kupewa stakabadhi, hudhani safari imekwisha. Kumbe iko sehemu kubwa ya safari iliyobaki. Katika kila kilo 100 za pamba mbegu, ni kama theluthi moja tu ndiyo inayotoka kuwa nyuzi. Zilizobaki kwa sehemu kubwa ni mbegu. Kazi ya kutenganisha viwili hivyo hufanywa na kinu, na kinu huendeshwa na watu. Watu hao wakikosea, huungua marobota, hukatika vidole, husimama mashine katikati ya msimu, na hatimaye anayelipa ni mkulima na familia ya kibarua.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza jinsi makosa hayo yanavyotokea, na kuonyesha kwamba hayazuiliki kwa kumlaumu mtu wa mwisho aliyeshika mashine. Yanazuilika kwa utaratibu, na utaratibu huo huanzia mbali zaidi ya lango la kinu.

HATARI ZILIVYO NDANI YA KINU

Pamba mbegu inapofika kinuni hufyonzwa kwa bomba la upepo, hupitishwa katika mashine ya kusafishia majani na uchafu, kisha huingia katika mashine za kuchambua. Katika vinu vya misumeno, diski zenye meno huzunguka kwa kasi na kuzivuta nyuzi kupitia nafasi nyembamba ambazo mbegu haiwezi kupita. Katika vinu vya roli, nyuzi hushikwa na roli na mbegu hukwanguliwa kwa kisu. Nyuzi hupelekwa kwenye shindilio, ambako hubanwa kwa nguvu nyingi na kufungwa kuwa robota la kilo 180 hivi.

Katika njia hiyo yote mna mikanda inayozunguka, mashimo ya kulishia pamba, visu, meno ya misumeno, na vumbi la pamba linalotanda kila mahali na kushika moto upesi. Aidha ni vema ikumbukwe kwamba mashine ya kuchambua haisimami papo hapo inapozimwa. Misumeno huendelea kuzunguka kwa uzito wake kwa muda baada ya umeme kukatwa, na mtu anayesikia mngurumo umepungua huweza kudhani kwamba hatari imekwisha.

AJALI MOJA, WAHUSIKA WENGI

Chukulieni mfano ufuatao, ambao haukutokana na kinu fulani bali umeundwa ili kuonyesha namna kazi ilivyo.

Ni saa nane za usiku. Mashine moja imeziba kwa pamba. Ghafla umeme unakatika, na kinu kizima kinanyamaza. Kibarua wa zamu, kijana aliyeajiriwa wiki mbili zilizopita, anaona hiyo ndiyo nafasi nzuri ya kuizibua mashine bila kuchelewesha kazi. Anaingiza mkono. Swichi haikuzimwa, ilinyamaza tu kwa sababu umeme haukuwapo. Umeme unaporudi, mashine ambayo swichi yake imeachwa wazi huweza kuanza yenyewe. Na hata ile isiyoanza yenyewe huwashwa na mwenzake aliye katika chumba cha swichi, ambaye hamwoni aliyeinama nyuma ya mashine. Kijana anapoteza mkono.

Asubuhi yake taarifa inaandikwa kwa mstari mmoja: uzembe wa mfanyakazi. Faili linafungwa, na kibarua mwingine anaajiriwa.

Lakini mtu mwenye busara atauliza maswali zaidi. Kwa nini mashine iliziba? Kwa sababu pamba ilikuwa na unyevu, na pamba yenye unyevu hujikunja na kukwama. Ilikuwaje ikawa na unyevu? Kwa sababu mwanachama mmoja aliinyunyizia maji usiku ili uzito uongezeke mizanini. Kwa nini karani wa gulio aliipokea na kuiandika kuwa safi badala ya fifi? Kwa sababu aliogopa ugomvi, au kwa sababu mwenye pamba ni jirani yake. Kwa nini kinga ya mashine haikuwapo? Kwa sababu ilifunguliwa wakati wa matengenezo na boliti zake hazikurudishwa. Kwa nini swichi haikuzimwa na kufungwa? Kwa sababu hapakuwa na kufuli, wala kijana huyo hakuonyeshwa siku yake ya kwanza. Kwa nini hakusubiri fundi? Kwa sababu jioni ile katibu wa chama alipiga simu mara tatu akilalamika kwamba magari ya chama chake yamepanga foleni langoni tangu juzi.

Katika mfano huo aliyekatwa mkono ni mmoja, lakini walioshika kosa ni sita au saba, na baadhi yao hawakukanyaga kinuni usiku ule. Mwenye maji yu miongoni mwao, na mwenye simu pia.

AINA TATU ZA MAKOSA

Makosa ya watu kazini hayafanani, na dawa zake hazifanani.

Kwanza ni kosa la kusahau au kuteleza. Fundi hodari anayeijua kazi yake anaacha spana juu ya mashine, au anafungua bomba la kushoto badala ya la kulia. Kumfundisha upya mtu huyo hakusaidii, kwani anajua. Kinachomsaidia ni orodha ya kuhakikisha kazi, kuhesabu vifaa kabla na baada ya matengenezo, kuandika majina ya swichi kwa Kiswahili kinachosomeka, na kupata usingizi wa kutosha.

Pili ni kosa la kutokujua. Vibarua wengi wa kinuni huajiriwa kwa msimu tu, na kila msimu huja na sura mpya. Dawa ya kosa hili ni mafunzo, tena mafunzo ya vitendo mbele ya mashine yenyewe, kabla ya siku ya kwanza ya kazi.

Tatu ni kosa la kukiuka utaratibu kwa kujua. Mfanyakazi anajua kwamba haifai kuruka mkanda unaozunguka, lakini amezoea, wenzake wote hufanya hivyo, na msimamizi hutazama pembeni ili marobota yasipungue. Hapa dawa ni uongozi. Kanuni ambayo msimamizi mwenyewe haifuati haina tofauti na karatasi iliyobandikwa ukutani kuziba ufa.

KUFULI LA KILA MTU

Njia iliyothibitika katika viwanda vya nchi nyingi ni rahisi na gharama yake ni ndogo. Kabla ya mtu yeyote kugusa sehemu ya ndani ya mashine, iwe ni kuzibua au kutengeneza, huzima swichi kuu ya mashine hiyo, huifunga kwa kufuli lake mwenyewe, na huning'iniza kibao chenye jina lake na maneno USIWASHE, MTU YUKO KAZINI. Ufunguo hukaa mfukoni mwake. Kisha husubiri hadi kila kitu kisimame, na hujaribu kuwasha ili kuhakikisha kwamba kweli haiwaki.

Wakiwa mafundi watatu, makufuli ni matatu. Mashine haiwezi kuwashwa mpaka wa mwisho atoe la kwake. Wala hapana ruhusa kwa mtu mmoja kutoa kufuli la mwingine kwa sababu ana haraka, au kwa sababu ni mkubwa wake. Umeme ukikatika, kanuni ni hiyo hiyo: zima, funga, ndipo uguse. Mashine iliyonyamaza kwa kukosa umeme ihesabiwe kuwa inazunguka.

Uzuri wa kufuli ni kwamba halitegemei kumbukumbu ya mtu aliyechoka. Yule aliye katika chumba cha swichi hata akisahau, hata akikosea, kufuli litamkatalia. Hivyo ndivyo utaratibu mzuri unavyofanya kazi. Unakubali kwamba binadamu atakosea, na unaweka kizuizi kati ya kosa lake na mkono wa mwenzake.

MAKABIDHIANO YA ZAMU

Sehemu nyingine ambapo makosa hupenya ni pale zamu moja inapoondoka na nyingine kuingia. Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulitokea mbali na hapa, lakini funzo lake linaihusu kila mashine.

Tarehe 6 Julai 1988, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Uskoti, mtambo wa kuchimba mafuta na gesi uitwao Piper Alpha ulilipuka na kuungua. Watu 167 walikufa. Mtambo huo ulikuwa na pampu mbili za kusukuma gesi iliyogeuzwa maji, moja ikifanya kazi na nyingine ikisubiri. Mchana wa siku hiyo mafundi waliondoa valvu ya usalama ya pampu moja ili waitengeneze. Kazi haikuisha kabla ya jioni, nao wakaziba tundu kwa kifuniko cha muda. Habari kwamba valvu haipo haikuwafikia sawasawa watu wa zamu ya usiku. Pampu iliyokuwa ikifanya kazi iliposimama, wenye zamu walitafuta karatasi za vibali; waliona kile cha matengenezo ya pampu, ambayo hayakuwa yameanza, lakini hawakuona kile cha valvu. Wakaiwasha pampu. Gesi ikavuja kupitia kifuniko kile, na mlipuko ukafuata.

Uchunguzi ulioongozwa na jaji Lord Cullen ulitoa taarifa yake mwaka 1990 ukiwa na mapendekezo 106, na miongoni mwa makosa makubwa ulioyaona ni udhaifu wa vibali vya kazi na wa makabidhiano. Mafundi wa mtambo ule hawakuwa wajinga, na karatasi zilikuwapo. Kilichokosekana ni uhakika kwamba anayeingia anajua kila alichokiacha anayetoka.

Kwa kinu cha pamba funzo ni hili: pawe na daftari la zamu. Anayetoka aandike mashine ipi ina hitilafu, kinga ipi imefunguliwa, robota lipi limetiliwa shaka ya moto. Wote wawili wazungukie mashine pamoja, na wote wawili watie sahihi. Dakika 15 za makabidhiano si upotevu wa kazi.

HARAKA NA MTU WA KUSEMA HAPANA

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Walio Kisorya wanakitazama kisiwa cha Ukerewe kila siku ng'ambo ya maji. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilichokuwa kikitoka Bugolora kwenda Ukara kilipinduka kikiwa kimekaribia kufika. Watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Uwezo wa kivuko hicho ulikuwa ni watu 101. Ilikuwa siku ya gulio, na kila mtu alitaka kufika nyumbani na mizigo yake.

Idadi inayoruhusiwa ilijulikana. Msongamano ulionekana kwa macho. Lakini kanuni iliyoandikwa haikutosha, kwa kuwa haikusimamishwa pale gatini kwa nguvu inayoweza kusema: wamejaa, waliobaki wasubiri.

Kinu cha pamba nacho kina siku zake za gulio. Magari yamejipanga langoni, mvua inatishia, wanachama wanataka fedha. Wakati huo ndipo zamu huongezwa masaa, kinga hufunguliwa ili kuzibua kuwe kwepesi, na matengenezo huahirishwa hadi kesho isiyofika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki, na imekataza mtu kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, masaa ya ziada yakiwa ndani yake. Mtu aliyesimama mbele ya misumeno kwa saa 16 macho yake yako wazi lakini akili imelala.

Kwa hiyo kila zamu iwe na mtu mmoja aliyepewa kwa maandishi mamlaka ya kusimamisha mashine, bila kuomba ruhusa na bila kuadhibiwa kwa marobota yaliyopungua. Naye akishasimamisha, katibu wa chama asimpigie simu kumhimiza.

MOTO UNAOTOKA SHAMBANI

Pamba hupenda moto. Jiwe dogo au kipande cha chuma kikiingia pamoja na pamba na kugonga meno ya msumeno, hutoa cheche. Cheche huingia katika nyuzi na kusafiri nazo hadi shindilioni. Ajabu ya moto wa pamba ni kwamba unaweza kufungiwa ndani ya robota ukawaka polepole bila moshi kuonekana, kisha ukajitokeza baada ya siku kadhaa ukiwa ghalani au juu ya gari. Ndiyo maana kanuni ya kazi ni kwamba, moto au cheche ikionekana katika mashine, marobota yaliyofungwa kabla na baada yake yatengwe nje, mbali na mengine, na yachunguzwe kwa siku kadhaa kabla ya kuingizwa ghalani.

Jiwe hilo lilitoka wapi? Wakati mwingine liliokotwa pamoja na pamba kwa bahati mbaya. Wakati mwingine liliwekwa ili kilo ziongezeke. Mwanachama afanyaye hivyo hudhani anamwibia mnunuzi. Kwa kweli anaweka kiberiti katika ghala lenye jasho la wanachama wenzake, na maji anayonyunyiza yanauleta mkono wa kijana wa jirani yake karibu na msumeno. Uchambuzi wa safi na fifi unaofanywa kwa uaminifu pale guloni ni hatua ya kwanza ya usalama kinuni.

ADHABU NA UKWELI

Liko jambo ambalo viongozi wengi hulitenda kwa nia njema nalo huleta madhara. Mfanyakazi akikosea, hukatwa mshahara au hufukuzwa papo hapo. Matokeo yake makosa hayapungui. Yanayopungua ni taarifa. Kibarua aliyeona cheche hunyamaza, kwa kuogopa kuulizwa alikuwa wapi. Fundi aliyepoteza nati ndani ya mashine haisemi, na nati hiyo huonekana baadaye ikiwa imekwisha kuvunja meno ya msumeno.

Anayetoa taarifa ya kosa lake kabla halijaleta hasara apewe shukrani. Adhabu ibaki kwa yule anayeficha, anayelewa kazini, au anayetoa kufuli la mwenzake. Na kila nusura ya ajali iandikwe. Mkono ulioponea chupuchupu leo umeonyesha mahali mkono wa kesho utakapokatikia.

WAJIBU WA VYAMA VYA MSINGI

Historia ya ushirika katika Kanda ya Ziwa inafundisha kwamba mkulima hakuridhika kuuza tu. Baada ya kuundwa kwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955, wakulima walifika hatua ya kumiliki vinu vyao wenyewe. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na tangu soko lilipofunguliwa mwaka 1994 vinu vya watu binafsi vimekuwa vingi. Lakini iwe kinu ni cha ushirika au ni cha mnunuzi, pamba inayoingia ni ya mwanachama, na vijana wanaoajiriwa humo ni watoto wa wanachama. Chama cha msingi kina neno la kusema katika hali zote mbili.

Hivyo basi, kabla ya msimu kufunguliwa, inapendekezwa kila chama kifanye mambo yafuatayo:

Kwanza, mkutano wa wanachama uelezwe wazi madhara ya maji, mchanga na mawe katika pamba, na uazimie kwamba pamba ya namna hiyo itarudishwa bila kujali ni ya nani.

Pili, karani wa gulio alindwe na kamati. Akikataa pamba, mwenyekiti asimame upande wake mbele ya watu.

Tatu, kabla ya kusaini makubaliano na kinu chochote, katibu aombe kukitembelea. Atazame kama mikanda ina kinga, kama makufuli na vibao vipo, kama ndoo za mchanga, maji na vizimia moto viko mahali pake, na kama daftari la zamu linaandikwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde mashine za hatari. Kuulizia jambo hilo si ufidhuli.

Nne, chama kiulizie kama wafanyakazi, wakiwemo vibarua, wameingizwa katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Fidia hairudishi mkono, lakini familia haifai kubaki mikono mitupu.

Tano, pale kinu kinapokuwa cha ushirika, wajumbe wasipunguze fungu la matengenezo ya nje ya msimu ili kuongeza malipo. Mikanda iliyochakaa isipobadilishwa wakati mashine zimelala, itakatika magari yakiwa langoni.

Sita, magari yapangwe kwa zamu kati ya chama na chama, ili foleni isiwe mjeledi juu ya mgongo wa msimamizi wa kinu.

Ndugu wajumbe, kosa la binadamu halitakwisha duniani. Mwenye kazi atasahau, atachoka, atadanganywa na ukimya wa mashine. Swali ni kama kosa lake litakuta kufuli, daftari na mtu mwenye mamlaka ya kusema hapana, au litakuta njia nyeupe hadi kwenye msumeno. Jibu la swali hilo haliandikwi usiku wa ajali. Linaandikwa sasa, katika mikutano ya vyama, pamba ikiwa bado iko mtini.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kinu uko guloni, uko ofisini kwa katibu, na uko shambani kwa kila mwanachama. Uzibwe huko.